Mluzi wa IC Mpya

Watu wakisikia mimi ni fundi redio hutazama mikono yangu. Mikono ni ya kuchomea risasi ya kuungia nyaya tu. Kazi yenyewe naifanya kwa masikio, na masikio hayo ndiyo yaliyosomesha wanangu hapa Tunduma.

Ndani ya mixa, mashine ya kuchanganyia sauti, op-amp ni IC, kipande kidogo cheusi cha miguu minane kinachokuza sauti hafifu ya maikrofoni. Mafundi wengi huchomelea ile waliyoipata. Mimi huweka soketi, napachika moja, nasikiliza, naing'oa, napachika nyingine, mteja akiwa kakaa pembeni kanuna. Simjali. Huwezi kuamini namba iliyo mgongoni, maana siku hizi namba zinakwanguliwa na kuandikwa upya.

Mwaka huu zote zilianza kunisikikia butu, kana kwamba mwimbaji amefunikwa blanketi. Nikavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kumgombeza muuza vipuri.

"Ba mudala, mzee wangu, hizi ni original," alisema kwa upole. "Wenzako hawajalalamika."

Nikamwita tapeli mbele ya wateja wake. Nilirudi na aina nyingine, yenye kasi zaidi, nikaipachika kwenye mixa ya kwaya moja ya Vwawa. Sauti ikachangamka kidogo. Nikawakabidhi.

Jumatatu mwenyekiti wa kwaya aliirudisha. "Fundi, inapiga mluzi. Watoto wameziba masikio ibada nzima."

Tabia hiyo naijua. IC ya kasi ukiiweka kwenye sakiti isiyoiweza, inaweza kuanza kulia yenyewe. Niliiwasha, nikainamia spika. Kimya. Nikamwambia, tena kwa ukali, kwamba umeme wa kanisani kwao ndio mbovu.

Mke wangu huuza vocha na chaja kwenye fremu hiyohiyo ninayofanyia kazi. Nilipogeuka, alikuwa ameziba sikio kwa kiganja.

"Baba watoto, inalia hiyo," alisema. "Tangu ulipoiweka ile IC inalia."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani unaisikia. Nikajua unaishughulikia."

Niliogopa. Sikumbuki kuogopa namna ile hata siku nilipopigwa na umeme wa jenereta. Mwenyekiti akageuka kutazama foleni ya malori ya mpakani, akijifanya hajasikia, na huruma yake ikaniudhi kuliko malalamiko yake. Nikamfikiria yule wa Nakonde, na matusi niliyomporomoshea kwa sababu ya vipuri ambavyo pengine havikuwa na kosa lolote.

Nikaing'oa ile ya kasi, nikarudisha ya zamani, ile niliyoiita butu. Mwenyekiti akasogeza maikrofoni, akaimba ubeti mmoja taratibu. Sikuangalia mixa. Nilimwangalia mke wangu usoni.

"Imeacha?" nikamuuliza.

Akashusha kiganja. "Imeacha. Sasa ni safi kabisa."

Mwenyekiti naye akaitikia kwa kichwa, akanishukuru. Nikachukua bisibisi, nikaanza kufunga mfuniko. Kwangu mimi hakuna kilichokuwa kimebadilika.