Tina Kabla ya Udhu

Baba yangu alikuwa fundi rangi. Alipaka milango ya maduka ya Mahajanga, magari, vitanda vya maharusi. Mwishoni mwa miaka ya sabini, mambo yalipotuchafukia sisi wenye asili ya Komoro, tulihama nyumba yetu ya mtaa wa Ampisikina tukaenda kisiwa cha Nosy Be, na huko akawa anapaka boti na milango ya hoteli pale Andilana. Hakuwahi kuacha michirizi. Nimewaona mafundi wengi tangu hapo, na mdomo wangu siwezi kuuzuia: hawamfikii.

Shida ilikuwa sala. Rangi ya mafuta ikikauka kwenye ngozi, maji hayapenyi, na maji yasipofika udhu haujatimia. Baba hakukubali hata doa dogo kama punje ya dengu. Kwa hiyo adhuhuri, alasiri, na tena magharibi akishafika nyumbani, alijisafisha kwa tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi. Jioni kazi hiyo ilikuwa ya mama. Walikaa kwenye benchi la uani, mama akamimina tina kwenye tambara na kumsugua polepole kuanzia vidoleni hadi viwikoni, akimtania kwamba ana mikono misafi kuliko ya imamu. Baba alicheka huku amefumba macho. Mimi niliipenda ile harufu, maana ilikuwa ndiyo harufu ya baba kurudi.

Alipoanza kuchoka na kukosa hamu ya kula, mama alisema papo hapo: ini. Kwetu kila mtu alikuwa daktari wa ini. Kichwa kikiuma ni ini, ukiamka na hasira ni ini. Safari hii alipatia, na hilo ndilo linaloniuma. Mafuta yakapigwa marufuku jikoni, hata tui la nazi. Kila asubuhi papai, kila mchana samaki wa kuchemsha asiye na ladha ya kitu chochote. Alichemsha gome la mti wa katrafay, chungu mpaka machozi yanakutoka, akasimama mbele ya baba hadi kikombe kiishe. Sote tulikula chakula cha mgonjwa, na aliyenung'unika alitupiwa jicho moja tu akanyamaza. Kisha magharibi ikikaribia, mama alichukua tambara na kopo la tina.

Macho ya baba yalipogeuka manjano tulimrudisha Mahajanga, hospitalini. Alikuwa amelala wakati mama anamsimulia daktari, kwa Kimalagasi na kwa fahari, habari za gome na papai na mafuta aliyoyakataza. Daktari alisikiliza huku akiitazama mikono ya baba iliyopasukapasuka.

"Hii mikono anaioshea nini, mama?"

"Tina. Jioni namwosha mimi mwenyewe."

"Kila siku?"

"Ni mtu wa sala, dokta."

Daktari akatueleza taratibu. Sumu ile huingia kwa ngozi na kwa pua, na mwaka baada ya mwaka ini ndilo linalohangaika nayo. Afadhali angefanya kazi mahali penye upepo, akafunika pua, akavaa glavu. Na mikono, mafuta ya kupikia na sabuni vingetosha. Hakutulaumu. Heri angetulaumu.

Mama alinishika mkono akaniambia kwa Kikomoro kwamba baba asijue. Hakujua. Tukamrudisha kwenye nyumba yetu ya zamani Ampisikina, tina yote ikatupwa, na mama akaacha kutania.

Asubuhi moja baba aliamka ana nguvu kidogo. Mama alikuwa ameenda sokoni. Dirisha letu lilikuwa limebabuka, na yeye hakuweza kulala akilitazama dirisha lililobabuka, basi akaketi kwenye kigoda akalipaka buluu. Nilimwacha, kwa jinsi alivyokuwa na furaha. Kabla ya adhuhuri alianguka, na jioni ile akatutoka.

Maiti ilipokuwa inaoshwa, mmoja wa waoshaji aliita kutoka nyuma ya pazia. Kuna rangi mkononi, alisema, leteni petroli au tina.

"Hapana," mama alisema.

Akachukua kwenye rafu chupa ya mafuta ya nazi, yale tuliyokuwa tukipaka nywele, mimi na yeye, kila siku ya Mungu. Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe, wanaume wakampisha. Niliketi nje ya pazia nikalia kimya kimya, nikidhani atakaa humo muda mrefu kama zamani kwenye benchi.

Hakukawia. Alitoka na kitambaa chenye doa la buluu, akanifunulia kiganjani.

"Imetoka," alisema. "Tazama ilivyotoka kirahisi."