Tawi Nililokata Migwani Simu Ikirekodi

Niliacha shule darasa la sita, lakini kati ya mji wa Wote na Kitui hakuna mtu anayenishinda kwa miche ya maembe. Sijivuni, huo ni ukweli, na hata washindani wangu wanaukubali wakishashiba. Kitalu changu nilikianza na makopo ya mafuta ya kupikia na kisu kimoja cha kupandikizia.

Basi mwaka juzi maneno yakaanza kutembea. Mama mmoja wa Migwani alikuwa anaambia watu nilimuuzia miche feki. Nilimwahidi maembe makubwa ya kisasa, yeye akavuna vidude vya nyuzinyuzi vya kukwama kwenye meno. Na huyo mama ni mwenyekiti wa mwethya, kundi la akina mama wanaochimbiana matuta ya shamba kwa zamu, kwa hiyo akisema neno linafika mbali. Wateja wakapotea. Mvua ya Novemba ilikuwa inakaribia, na mche usipouzwa kabla ya mvua hukaa kwenye mfuko mpaka mizizi ijisokote. Nilikuwa naona kitalu chote kikifia hapo.

Nikaamua kuanzisha podikasti. Nilikuwa nimesikia za wahubiri na za wafugaji wa kuku, nikaona hawanizidi kitu. Nikatundika mablanketi kwenye stoo ya mahindi ili sauti isirudi, nikaweka simu juu ya debe, nikaongea vipindi vitatu. Nilivyozaliwa, nilivyoteseka, nilivyotoboa. Nikavituma kwenye kundi la kanisa, la soko, na la wazazi wa shule. Kimya.

Mke wangu alivisikiliza vyote akichambua ndengu.

"Baba watoto, mche uko wapi?"

"Si uko humo ndani?"

"Humo ndani nimekusikia wewe tu. Anayekusema ni yule mama wa Migwani, na hujaenda kwake hata siku moja."

Kesho yake nilipanda pikipiki na msumeno wangu mgongoni. Nilimkuta na mwethya wake wakichimba tuta. Nikawasha simu kabla sijasalimia vizuri.

"Mwaitu, mama yangu, nimekuja kurekodi."

"Mzee wa redio! Rekodi hii basi: wewe ni mwongo!"

Akina mama wakacheka wakiegemea majembe. Simu ikaendelea.

Akanipeleka kwenye mwembe. Niliinama nikatafuta shingo, pale kijiti cha embe la kisasa kinapoungana na shina la kienyeji. Chini ya shingo, kwenye shina la kienyeji, lilikuwa limetoka tawi nene kama mkono wangu, limejaa majani; hilo ndilo lililozaa vile vidude. Juu yake, lile la kisasa limekonda kama mgonjwa.

"Hili tawi la chini lilitoka lini?"

"Mwaka wa kwanza, kiangazi. Mbuzi wanakula karatasi, na kitu kinatoa majani mabichi, mimi nikikate? Wewe ungekata?"

Kwetu mtu hakati kitu kibichi hivi hivi. Mimi kitaluni huyakata machipukizi hayo kila siku bila kufikiri, lakini hakuna mteja hata mmoja niliyewahi kumwambia ayakate. Nilidhani kila mtu anajua ninachojua mimi. Nikasogeza simu karibu na mdomo.

"Kosa ni langu, mwaitu. Sikukwambia."

Maneno hayo sijawahi kuyasema hata kanisani.

Nikatoa msumeno. "Hicho chembamba kikifa," akasema, "nitahamia kwa kitalu chako." Nikakata. Tawi lilipoanguka, akina mama waliguna wote pamoja kama waliofiwa.

"Umeniachia fimbo," akasema.

Nilitaka kufuta pale aliponiita mwongo. Akakataa kabisa: "Ukitoa hapo, toa na sauti yangu yote." Nikatuma kila kitu, msumeno na matusi.

Kabla ya mvua watu walianza kuja, wengine kutoka Mutomo. Hakuna aliyeuliza nilivyotoboa. Kila mmoja alikuwa anainama kwanza: "Shingo iko wapi? Chini yake nikate mpaka lini?" Kufikia matone ya kwanza, mifuko iliyobaki ilikuwa ile yenye miche midogo tu.

Wiki mbili baada ya mvua yule mama alinipigia.

"Fimbo imetoa majani manane. Nimehesabu. Kuja na simu, nikuondolee lile neno mwenyewe."

Nilikwenda. Lakini lile la kwanza bado sijalifuta. Nitajie podikasti nyingine inayoanza kwa mwenyewe kuitwa mwongo. Hakuna. Hiyo nimeivumbua mimi.