Alama kwenye Nguzo ya Dungu

Enzi za Mwingereza, mafuriko ya Rufiji yalitukuta shambani, mimi na mume wangu, juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu tunachokaa kulindia mpunga. Nilikuwa nimechanja nguzo moja kwa panga ili nijue maji yanakwendaje. Asubuhi alama ilikuwa juu ya maji. Jua lilipopanda, ikamezwa.

“Yanapanda,” nikasema. “Tuingie mtumbwini.”

Mume wangu hakutaka kuuacha mpunga. Akanionyesha kichuguu cha ng'ambo. “Yanashuka. Asubuhi kile hakikuonekana, sasa tazama kilivyochomoza.”

“Una kiwi cha macho!”

“Na wewe una kiherehere!”

Tukarushiana maneno, kila mtu na kidole chake, mimi kwenye nguzo, yeye kwenye kichuguu, wala hakuna aliyekubali kugeuza shingo atazame cha mwenziwe. Mara sufuria ikateleza yenyewe sakafuni, ikatumbukia majini.

Tukageuka, kila mtu akatazama cha mwenziwe. Maji yalikuwa yanashuka kweli. Ila dungu lilikuwa linadidimia topeni upesi zaidi, na sisi juu yake tunabishana.