Mtani Kwenye Uwanja wa Ndege

Wakati wa vita na Uganda nilikuwa nimepanga chumba Temeke. Nilikuwa nimehama Tandika, kwa nini sikumbuki. Shule niliiacha darasa la tano, nikawa mtu wa kwenda kokote kwenye kitu sijakiona. Ndiyo maana niliposikia jirani yangu anapanda ndege, nikajitolea kumbebea begi.

Jirani huyo alikuwa Mngoni, karani wa bandarini. Mama yake alikuwa amefariki Songea, mazishi kesho yake, na masika yalikuwa yameharibu barabara. Wenzake kazini wakamchangia tiketi. Bila ndege ile asingewahi kumzika mama yake.

Tulikwenda na fundi cherehani wa barazani kwetu, Mhehe, mtani wake. Mgeni wa utani angemwona fundi yule hana adabu. Tangu habari za msiba zifike hakumpa mfiwa nafasi ya kulia.

"Usilie, Mngoni. Utafukuza panya, waombolezaji wale nini?"

"Nyamaza, mla mbwa," mfiwa alijibu, macho mekundu, halafu akacheka kidogo na kukubali kula. Kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo.

Uwanjani askari akaligonga begi kwa kirungu. "Humu mna nini?"

"Bomu, afande," fundi akadakia. "Wangoni hawazikani bila bomu."

Mfiwa akacheka. Mie pia. Askari hakucheka.

"Rudia."

"Utani tu, afande. Huyu mtani wangu, kafiwa na mama."

"Hata mie Mngoni," askari akasema.

Fundi akashusha pumzi. "Si useme mapema! Ningeshakutukana na wewe."

Niliona midomo ya askari ikitaka kucheka. Akaibana. "Ningekuwa nyumbani ningekujibu. Hapa nikimwachia mtaja bomu kwa kuwa ni mtani, kesho adui naye atajiita mtani."

Begi likamwagwa: shati jeupe, kanga za shangazi zake, sabuni. Basi. Nilidhani yameishia hapo, kumbe ni lazima wote tuhojiwe, kila mmoja peke yake, na abiria asipande mpaka mahojiano yaishe. Nikiwa kwenye chumba cha mahojiano nikasikia ndege inaondoka. Nilikuja kuiona, sikuiona.

Fundi aliwekwa mahabusu siku kadhaa. Mfiwa alisafiri kwa basi, akafika matanga yameshaanuliwa.

Mpaka leo sijui nisimame upande gani. Askari alikuwa na vita kichwani na ndege imejaa watu. Lakini aliyetania alilala ndani tu, na aliyetaniwa ndiye aliyekosa kutupa udongo kwenye kaburi la mama yake. Nani aliipima adhabu hiyo? Na fundi angenyamaza, angekuwa mtani wa namna gani? Kila nikimtetea mmoja, najikuta nimeanza kumtetea mwenzake.

Siku mfiwa aliporudi, fundi alikuwa barazani na cherehani yake. Alimwona tangu mbali. Akajikaza, akaita, "We Mngoni, panya wetu wako wapi?"

Mfiwa akasimama. Akatua begi, akampa mkono.

"Habari za kazi, ndugu fundi," akasema kwa adabu zote, akaingia ndani.

Fundi akanigeukia. "Kasemaje?"

Alikuwa amesikia vizuri.