Picha Hainenepi

Namshukuru sana kijana aliyeniingiza kwenye kikundi chake cha wachora katuni kule mtaa wa Mowlem. Bila yeye nisingejua kwamba mwanamke anaweza kuokoa jiji zima akiwa hana ini, figo wala utumbo. Stelingi wake wa kike, yule shujaa wa katuni zake, hakuwa na mahali pa kuviweka. Kiuno chake kiliisha kabla penseli haijapata joto.

Tulikuwa watano, msichana ni mimi peke yangu, kwa hiyo nilipewa cheo kikubwa: kufuta mistari ya penseli na kupaka midomo rangi. Nyumbani nilikuwa na hadithi yangu, kurasa nane, ya mama anayepandisha mitungi ya maji hadi ghorofa ya saba hapa mtaani Pipeline, na kuwakimbiza wezi kwenye ngazi hizo hizo. Niliilea kama mtoto. Mkubwa wetu, kijana huyo huyo, akaitazama, akasema stelingi wangu ana mikono ya dereva wa lori.

"Lakini nitaiweka kwa kitabu, ukinisaidia kitu kimoja."

Kitabu cha katuni za kikundi kilikuwa kinazinduliwa Jumamosi katika ukumbi wa mtaa. Alitaka msichana avae nguo za stelingi wake, asimame mlangoni. "Na si mathe wako ni fundi wa nguo?"

Kurasa nane! Ningesimama hata na gunia.

Mama hushonea chini ya ghorofa yetu, katikati ya kinyozi na muuza mboga. Mkubwa alipomletea picha ya stelingi, Mama aliigeuza huku na huku akitafuta zipu.

"Huyu huingilia wapi?"

"Mathe, hiyo ni katuni."

"Sawa. Nimshonee msichana wangu ama nishonee katuni?"

"Shona vile iko kwa picha. Usibadilishe kitu."

Mama habishani na mteja. Akachukua rula, akapima kichwa cha stelingi, akalinganisha na changu, akaandika hesabu kwenye daftari. Kiuno, inchi kumi na nne. Paja lake moja lilikishinda kwa unene. Mama akanong'ona, kwa huruma kabisa, "Maskini, mtoto wa wenyewe."

Ijumaa nguo ikawa tayari, nyekundu, inang'aa. Nikaivaa. Ilifika magotini ikapumzika. Nikavuta tumbo, kana kwamba tumbo liko magotini. Nikarukaruka. Nikakumbuka kurasa nane, nikaruka tena.

Mkubwa akaniangalia kama mimi ndiye nimeshonwa vibaya. "Umenona lini wewe?"

"Nilizaliwa hivi."

"Mathe, basi fungua pande kidogo. Si fundi huacha kitambaa ndani?"

Kweli, Mama huacha. Kila nguo anayoshona ina inchi mbili zilizokunjwa ndani, kwa sababu mtu atakula, atazaa, atazeeka. Lakini hii alipoigeuza, ndani ya mshono hakukuwa na kitu.

"Huwa naachia watu," akasema. "Picha hainenepi, baba."

Mkubwa hakucheka. Akanigeukia mimi. Nguo ilikuwa imeshindikana, basi angalau nimpunguze yule mama wangu wa mitungi afanane na wengine, la sivyo hadithi yangu ibaki nyumbani. Alinipa saa mbili.

Sitaki kudanganya, nilichukua kifutio. Ukurasa wa kwanza nikamkata kiuno. Kisha nikamwangalia akiwa na mtungi wake begani. Alikuwa kama njiti ya kiberiti iliyobebeshwa jiwe, anangoja tu kukatika. Nikamwonea huruma. Nikamrudishia kiuno chake chote, na nikamwachia inchi mbili za baadaye.

Jumamosi nguo ilisimama mlangoni yenyewe, kwenye hanga. Ilisifiwa sana, hasa na mama mmoja aliyeuliza kama wanashona pia za watoto wakubwa kidogo.

Hadithi yangu haikuwa kitabuni. Iko kwenye ukuta wa Mama, kurasa zote nane, juu ya cherehani, na wateja huisoma wakingoja kupimwa. Jana mwanamke mmoja alipita na mtungi begani akielekea kwenye ngazi, akasimama, akaisoma yote bila kuutua.

"Huyu," akauliza, "ni wa ghorofa gani?"