Wananiuliza Moyo Huu ni wa Ukoo Gani

Mhariri, jina langu libaki mezani kwako, maana huku gazeti moja linasomwa na kijiji kizima. Nina miaka ishirini na sita, nimeolewa karibu na Bondo, sina mtoto. Mimi si mtu wa kulialia, lakini upweke umenifika shingoni.

Mwaka juzi nilianza kuhema nikibeba debe moja tu la maji. Mama mkwe akasema mabinti wa kwetu Usenge wamezoea kukaa wakianika omena, dagaa wa ziwani. Daktari wa Kisumu alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, akauliza kama utotoni niliwahi kuumwa koo na kuvimba magoti. Niliwahi, tena sana. Akasema ugonjwa ule uliharibu vali, yaani kilango kimoja cha moyo, damu haipiti vizuri. Nairobi wakanipasua, wakatoa kilango kibovu, wakaweka cha chuma. Nikarudi mzima, ila kifuani kunasikika tik, tik.

Taabu ikaanza hapo. Watu walikuwa wamesikia redioni kwamba siku hizi mgonjwa hupewa moyo wa mtu aliyekufa. Nimeeleza mpaka nimechoka kwamba moyo ni wangu. Siku moja mama mkwe alikuja, akaketi, akaniita binti wa Usenge kwa Kiluo, akasema kwa upole, "Nyar Usenge, hatukufukuzi. Tuambie tu hiyo moyo ni ya ukoo gani. Kama ni ya watu yetu, basi mtoto wangu ameoa dada yake."

Tangu hapo mume wangu anakula kwa mamake. Nasonga ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Wake wa shemeji hawaji tena kuomba moto. Nyumba ikinyamaza nasikia chuma changu tu, na siku nyingine nakichukia.

Sasa wanataka ninywe manyasi, dawa ya miti ya kuondoa mwiko, halafu yaishe. Lakini mimi nameza tembe ili damu isigande kwenye kile chuma, na daktari alinikanya kwamba dawa za miti juu ya tembe hizo zinaweza kunivujisha damu ndani kwa ndani mpaka nife. Nilimweleza mume wangu yote. Akatazama chini, akasema, "Kunywa tu kidogo, mama aridhike."

Mzee wa dawa anakuja Jumamosi. Ndugu wasomaji, mume wangu bado nampenda, na nimechoka kula peke yangu. Ninywe, au nirudi kwetu? Niambieni mapema.