Vitabu Nilivyompelekea Mama Molo

Kazi yangu ni kuambia watu wasome nini. Nimeifanya miaka mingi katika duka la vitabu hapa Nakuru mjini, na siku hizi miguu huanza kuniuma hata kabla ya chai ya saa nne. Kijana akiingia na "Niaje madam, kuna fantasy mpya?" namtolea ile yenye majoka na falme zilizolaaniwa, naisifu mpaka mimi mwenyewe najichosha.

Aliyenishinda ni mama yangu. Tangu tumzike baba anaishi peke yake Molo, na ameacha kupika. Ni chai na mkate, asubuhi na jioni, katika baridi ile. Jirani yake alinipigia simu akasema, "Huyu mathe anaisha, kuja umwone." Nilimkuta nguo zinampwaya. Niliogopa sana, na kwa kuwa sijui kitu kingine duniani ila vitabu, nikaanza kumbebea vitabu.

Ile ya majoka aliirudisha kwenye mfuko wangu kabla sijavua koti. Aliona pembe kwenye jalada. "Hii ni ya shetani. Pasta akiiona hapa nitasema nini?"

Safari iliyofuata nikampelekea riwaya ya enzi za masetla, nikidhani hiyo imempata mwenyewe, maana alizaliwa katika kambi ya vibarua kwenye shamba la mzungu. Alisoma kurasa chache akakasirika. "Huyu hajawahi kuchuma pareto. Anasema ati maua yake yananukia vizuri!" Nikajaribu hadithi ya mtu aliyevuka jangwa kwa miguu. Yeye aliuliza swali moja tu: "Kwani huyo hana watu wake?"

Nilichoka, na nilikasirika pia, sitaficha. Kutoka kwangu Section 58, mtaa wa hapa Nakuru, hadi Molo kila Jumamosi, mgongo unauma, halafu unakosolewa. Mara ya mwisho nilimwachia kitabu kipya cha mapishi, chenye picha za rangi na vipimo vya kila kitu, nikaondoka bila kukisifu.

Jumamosi iliyofuata nilisikia harufu ya kitunguu kutoka langoni. Nusura nilie. Mama alikuwa amepika mchuzi wa nyama na viazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amepima. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kupima chakula. Unajaza sufuria kubwa, watu wanatokea wenyewe. Lakini mezani kulikuwa na sahani nne.

"Unangoja wageni, Mum?"

Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Kitabu chako kinasema hii ni ya watu wanne. Mimi nimepika. Hao wengine uko nao wapi?"

Ndugu zangu wako mbali, wengine hata simu hawapigi. Akauliza kama dukani kwetu kuna kitabu cha kupikia mtu mmoja. Nikamwambia nitaangalia, jibu ninalowapa wateja wakitaka kitu ambacho hatuna.

Tukaketi. Nilipokula, alikula. Nilipoweka kijiko chini, naye akaweka. Nilikuwa nimeshiba tayari, lakini nikajipakulia tena, naye akajipakulia, tukaendelea hivyo mpaka ule mchuzi wa watu wanne ukaisha.